Mzinga wa Upepo: shajara ya mradi kutoka Ngamiani, Tanga

Jumamosi, 14 Juni

Leo mradi umepata pa kulala. Fundi amenipa kona ya karakana yake hapa Ngamiani, katikati ya geti ambalo mwenyewe hajalilipia na pikipiki isiyo na injini. Kodi hakutaka. Alichotaka ni kujua natengeneza nini. Nikamwambia, mzinga. Akatazama juu kwenye mwarobaini.

"Wa nyuki?"

Swali hilo nimeshaulizwa na nusu ya ukoo. Neno letu hili lina kazi tatu: nyumba ya nyuki, ile silaha ya kwenye ngome, na mizinga ninayowapiga shangazi zangu tangu Aprili ili nipate pesa ya chuma. Fundi naye hakuachia hapo. Akanipa hadithi ambayo kila mtoto wa Tanga ameisikia: Novemba 1914 Waingereza wanashuka hapa na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, upande wa Wajerumani hawazidi sana 1,000, na risasi zinapopamba moto nyuki wanatoka mizingani na kuwavamia watu. Wapo wazee wanaoapa kwamba Mjerumani aliwafunza. Nyuki hafunzwi vita, huchokozwa tu. Lakini Fundi alikuwa na hoja yake: "Ndio mzinga ulioshinda hapa mjini. Sasa wa kwako wafanya nini?"

Wa kwangu unarusha kamba.

Kusi la mwaka jana ngalawa ya mjomba ilivunjika mlingoti karibu na mwamba. Mashua ikaja kuwasaidia lakini ikaogopa kusogea, maana mawimbi yangeibamiza juu ya mawe. Wakawa wanatupiana kamba kwa mkono. Mtu mwenye bega zuri hurusha mita 20, na akirusha dhidi ya upepo hafiki hata hapo. Walirusha mara sita. Mjomba huisimulia habari hii akicheka. Mama huondoka barazani.

Chuo kiko Dar, likizo ni ndefu, na mradi wa mwaka wa mwisho lazima uwe na kitu kinachoshikika. Nimeandika kwenye fomu: "Kirushio cha kamba cha hewa iliyoshindiliwa." Humu ndani nitaendelea kuuita mzinga.

Jumatano, 18 Juni

Nimezungumza na msimamizi kwa simu. Aliuliza swali moja tu la maana: kwa nini hewa, wakati kazi hii dunia imeifanya kwa baruti na roketi kwa miaka zaidi ya 200?

Swali nilikuwa nimeliandalia. Mwingereza George Manby alirusha kamba kwa mzinga mdogo wa baruti, na Februari 1808 mabaharia saba wa jahazi lililokwama karibu na Great Yarmouth wakaokolewa kwa kamba yake. Ila alihangaika sana na jambo moja: moto wa baruti ulikuwa unaikata kamba pale pale mdomoni. Dawa yake ikawa kipande cha ngozi mbichi iliyosukwa, kikakaa kati ya tufe na kamba. Hewa haichomi kamba. Haihitaji kibali cha baruti wala haiharibiki kwa unyevu wa pwani. Na juu ya yote, inasukuma badala ya kupiga. Marekani waliwahi kuwa na meli ya vita, Vesuvius, iliyokuwa na mizinga mitatu ya hewa, kwa sababu baruti za milipuko za wakati ule zilikuwa na hasira. Ukizirusha kwa kishindo zilikulipukia mwenyewe. Mwaka 1898 ilishambulia Santiago kule Kuba. Mizinga yenyewe ilikuwa imefungwa moja kwa moja ndani ya meli, kwa hiyo kulenga kulikuwa ni kugeuza meli nzima. Msimamizi alicheka. Sikumwambia kwamba wa kwangu utakaa juu ya mkokoteni, na kulenga kutakuwa ni kugeuza mkokoteni mzima.

Akanipa kipimo. Kanuni za kimataifa za meli zinataka kirusha-kamba kifike angalau mita 230 hali ya hewa ikiwa tulivu, na kamba yake ihimili kilonyutoni 2, yaani uzito wa kama kilo 200. "Hutafika," akasema. "Nataka ujue kwa nini hutafika."

Jumatatu, 23 Juni

Tangi.

Mwenzangu wa darasani, ambaye anasaidia hesabu kutoka Morogoro kwa simu, alipendekeza bomba la plastiki la maji. Ni rahisi, ni jepesi, linagundishwa kwa gundi. Nimekataa na nitaandika sababu, kwa kuwa najua yupo kijana mahali fulani atakayetaka kufanya hivyo. Plastiki ile imetengenezwa kwa ajili ya maji. Maji hayabanwi, kwa hiyo bomba likipasuka yanachuruzika na presha inaisha hapo hapo. Hewa iliyobanwa ni springi. Plastiki ikipasuka ikiwa na springi ndani hugeuka vigae vyenye makali, na ile iliyokaa juani Tanga miaka miwili hupasuka mapema zaidi. Tangi langu la lita 40 likiwa na presha ya bar 6 (bar moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida inayotuzunguka) litakuwa limebeba karibu kilojuli 18. Nguvu hiyo inatosha kumpandisha mtu wa kilo 70 hadi ghorofa ya nane. Sitaiweka ndani ya kitu nilichogundisha.

Kwa hiyo lori. Malori yana breki za upepo, na matangi yake hushikilia bar 8 kila siku kwenye barabara mbovu kuliko zote. Kijiwe cha vyuma chakavu njia ya Pongwe kilikuwa na matano. Fundi alinifundisha kuyagonga kwa spana: zima linalia kama kengele, lililoliwa na kutu linajibu kama debe. Matatu yalijibu kama debe. La nne lililia vizuri lakini tulipomulika tochi ndani tukakuta tope la oili na maji, na chini yake vidonda. La tano tumelichukua kwa 55,000 baada ya kuombwa chai na wapita njia wawili. Ujazo tumepima kwa ndoo: ndoo mbili kamili.

Mtutu (Fundi anasema "mdomo", mimi nasema mtutu) ni nusu ya bomba la chuma la inchi tatu. Mita 3, na ndani kipenyo cha milimita 80.

Alhamisi, 26 Juni

Leo tumegombana, mimi na Fundi, kwa heshima zote.

Alitaka tujaze upepo tupake povu la sabuni, kama tairi. Mimi nikataka maji. Akaona ninamchelewesha. Nikamwambia shikamoo upya, nikaketi, nikaeleza: tukijaza tangi maji mpaka pomoni, tukatoa kila povu la hewa, halafu tukaongeza presha kwa pampu ya mkono, weldi ikishindwa tutalowa. Tukijaribu kwa hewa, weldi ikishindwa mmoja wetu atakwenda hospitali ya Bombo. Akasema, "Haya, mhandisi, lowa."

Tulilenga bar 9, yaani mara moja na nusu ya bar 6 ambazo sitazivuka kamwe. Kwenye 7, flanji (ukingo bapa wa kuungia) niliyochomelea mwenyewe ikaanza kutoa machozi. Tundu dogo kama ncha ya sindano, kwenye ile sehemu niliyoona inang'aa nikajisifu. Fundi hakusema neno, akachukua grainda akaila weldi yangu yote, akaiweka yake. Mara ya pili ilikaa kwenye 9 nusu saa na mshale haukusogea.

Kisha tukagundua mshale usingesogea hata kidogo. Geji ilikuwa imekwama. Niliinunua mpya, kwenye boksi lake, dukani, kwa mtu aliyeniambia ni ya Ujerumani. Tukaazima geji ya jirani anayejaza matairi, tukarudia yote kutoka mwanzo, jua likazama. Sasa zipo geji mbili juu ya tangi, na zisipokubaliana hakuna kazi. Valvu ya usalama nimeifunga kwenye bar 6.5, nikaijaribu mara kumi ifungue yenyewe.

Ijumaa, 27 Juni

Barua mbili: moja serikali ya mtaa, moja polisi. Mwenyekiti alisoma neno "mzinga" akaitua miwani. Nimeandika upya, "kirusha-kamba cha uokoaji", nikaambatanisha mchoro na barua ya chuo. Funzo la siku: jina ni sehemu ya usanifu.

Jumamosi, 5 Julai

Majaribio ya kwanza, uwanja nyuma ya karakana, mtutu ukielekea kwenye lundo la mchanga umbali wa hatua kumi na tano. Watoto wote wameondolewa, kuku wameondolewa, kuku wamerudi, wameondolewa tena.

Risasi: machungwa ya Muheza. Ni msimu wake, gunia ni rahisi kuliko mbao, na mengine yanaingia kwenye mtutu kama yameumbiwa. Valvu: koki ya kawaida ya robo mzunguko, ya inchi moja, yenye mpini mwekundu. Presha: bar 4.

Niliuvuta mpini. Ikatoka pumzi ndefu kama ya mzee anayeinuka mkekani, halafu mvua ya juisi. Chungwa halikufika mchangani likiwa chungwa. La pili hivyo hivyo. La tatu Fundi alisema tulile.

Nimerudi kwenye boya la mbao ambalo ndilo litakalobeba kamba: mwarobaini uliokerezwa, kilo 1 kamili, pua ya mpira, linaelea. Hilo lilifika likiwa zima. Nimepima mwendo kwa simu inayopiga picha 240 kwa sekunde, mbele ya nguzo mbili zilizoachana mita 5. Boya lilitumia picha 36. Hesabu yake ni mita 33 kwa sekunde.

Karatasi yangu inasema 94.

Jumatano, 9 Julai

Siku nne juu ya karatasi. Mwanzoni nilidhani hewa inavuja pembeni mwa boya. Nikalizungushia kitambaa chenye grisi. Likaongeza mita 2 tu kwa sekunde. Nikadhani geji. Geji zote mbili ziko sawa. Nikadhani nimekosea fomula, mwenzangu akairudia Morogoro akapata 94 ile ile.

Usiku, umeme umekatika, nimelala naisikiliza ile pumzi ndefu kichwani. Pumzi ndefu! Boya likitoka kwa mwendo wa karatasi, linamaliza mtutu wa mita 3 ndani ya sehemu 6 kati ya 100 za sekunde. Mkono wangu, hata nikivuta koki kwa hasira, unahitaji robo ya sekunde. Boya halisubiri mlango umalize kufunguka. Linaanza kutembea mlango ukiwa na upenyo wa ukucha, na kadiri linavyosogea, nafasi nyuma yake inazidi kuwa kubwa, hewa inayochuruzika haiwahi kuijaza. Presha ya bar 4 iko ndani ya tangi. Nyuma ya boya huenda haikufika hata bar moja.

Na koki ya inchi moja inalisha mtutu wa inchi tatu. Eneo lake ni sehemu moja ya tisa. Hata ikiwa wazi kabisa, ni sawa na kuwatoa watu wa msikiti mzima wa Ijumaa kwa mlango wa uani.

Kuongeza presha kungeficha kosa hili na kuongeza hatari. Mlango ndio wa kujenga upya.

Jumapili, 13 Julai

Wazo si langu, ni la kale na wenye mizinga mikubwa ya hewa hulitumia: mlango usifunguliwe na mkono, ufunguliwe na hewa yenyewe.

Mtutu unaingia mpaka ndani ya chumba cha tangi. Juu ya mdomo wake wa ndani kinakaa kizibo kizito kinachoteleza, pistoni. Nyuma ya pistoni kuna kichumba kidogo. Ukijaza tangi, hewa inapenya kwa tundu jembamba na kujaa kichumba pia, na kwa kuwa mgongo wote wa pistoni unasukumwa wakati mbele sehemu iliyo juu ya mtutu haisukumwi na kitu, pistoni inaukandamiza mdomo wa mtutu kwa nguvu. Kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyoziba vizuri. Ukitaka kurusha, huhangaiki na tangi kubwa. Unamwaga hewa ya kile kichumba kidogo tu, ghafla. Mgongo unakuwa mtupu, hewa ya tangi inaikamata pistoni kwenye ukingo, inaitupa nyuma, na mlango wa inchi tatu unakuwa wazi wote kabla hujafumba jicho.

Ya kumwaga kichumba nimeipata kwenye lori lile lile: valvu ndogo ya breki inayotoa upepo haraka dereva anapoachia pedali. Elfu kumi na tano.

Pistoni imekerezwa kutoka kwenye ubao mnene wa plastiki wa kukatia nyama. Mwenye leithi wa Chumbageni aliuliza mara mbili kama nina uhakika. Oringi mbili, yaani pete za mpira, pembeni, na uso wa mpira.

Ijumaa, 18 Julai

Pistoni imepasuka vipande vitatu.

Si wakati wa kuziba. Iliziba vizuri kama mfuniko wa chungu cha pilau. Imepasuka kwa furaha yake yenyewe: nilimwaga kichumba, ikarudi nyuma kwa kasi ileile niliyoitamani, ikakutana na chuma. Nilibuni namna ya kuitupa na sikubuni mahali pa kuipokea. Mlio ulikuwa mmoja, mkavu, na Fundi aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi hakumwaga hata tone, akasema, "Hiyo sasa ni sauti ya mzinga."

Sahani ya mpira wa tairi, unene wa sentimita 3, imewekwa kule nyuma. Pistoni mpya kesho.

Jumamosi, 26 Julai

Ufukwe wa Sahare. Jana na leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na hapa kwetu bamvua hupwa asubuhi, kwa hiyo saa nne na nusu bahari ilikuwa imeondoka na kutuachia uwanja ambao chuo hakina. Bendera za khanga kuukuu kila mita 25. Mkokoteni umesukumwa na vijana wanne kwa ahadi ya soda. Mjomba amekuja kuona, amevaa kofia yake ya Ijumaa.

Sheria za leo, nimezisema kwa sauti mara mbili: hakuna anayesimama mbele ya bendera ya kwanza, hakuna anayeweka boya tangi likiwa na upepo, na mimi peke yangu ndiye mwenye kamba ya kufyatulia, nikiwa mita 10 nyuma, pembeni.

Bar 4, mtutu umeinuliwa nyuzi 45. Safari hii hakukuwa na pumzi ndefu. Ni mshindo, na boya tukaliona likiwa tayari liko juu linazunguka. Mkokoteni ulirudi nyuma nusu hatua na kuchimba mifereji miwili. Hilo nililitarajia; kwa presha hiyo mtutu unasukumwa nyuma kwa nguvu kama ya kilo 200. Sikutarajia gurudumu la kushoto kuzama kwenye tope mpaka ekseli.

Picha 18 kati ya nguzo. Mita 66.7 kwa sekunde. Presha ni ile ile, tangi lile lile na boya lile lile la tarehe 5, na mwendo umezidi mara mbili. Niliketi kwenye tope.

Umbali bila kamba: 238, 231, 235. Hewa ya nje inakula karibu nusu ya safari. Boya bapa la kipenyo cha sentimita 8 likienda kwa mwendo huo, upepo wa usoni unalizuia kwa nguvu inayokaribia uzito wake lenyewe.

Vijana wakashangilia 238 kwa sababu walikuwa wameisikia ile 230 ya msimamizi. Ikabidi niwakumbushe kwamba hatujafunga kamba.

Jumapili, 27 Julai

Kamba. Nakiri upendeleo wangu: niliitaka katani. Mimi ni mjukuu wa mkata mkonge. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, ikafika hai miche 62 tu, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba ya mkonge ya Tanga, na goti bovu la babu. Mradi wa Tanga urushe kamba ya Tanga, nilisema.

Mita 100 za uzi wa katani kwenye mizani ya duka: gramu 660, ikiwa kavu. Boya ni kilo 1. Kila mita inayofunuka ni mzigo uliokuwa umelala na sasa lazima uamshwe. Kwa hesabu nyepesi ya msukumo, boya la mita 66 kwa sekunde likishavuta mita 100 za katani limebaki na 40, na hapo upepo haujaanza kuikaba. Uzi mwembamba wa plastiki wanaotumia wavuvi una gramu 250 kwa mita 100, na boya linabaki na 53.

Tulijaribu hata hivyo. Katani: mita 71. Ikilowa, 58. Uzi wa wavuvi: 124.

Boya lenyewe lilinipa somo dogo. Kamba usiifunge nyuma, itaingia mtutuni. Inafungwa kwenye chuma kinachochungulia mdomoni, mbele, na boya likitoka kamba inaligeuza angani likatangulia tako. Walivyofanya hivyo Wamarekani kwenye mizinga yao ya uokoaji ya karne ya 19 nilidhani ni urembo.

Na usiizungushe kamba kama bangili. Mara mbili ilikuja fundo zima, kama kiota, na mara moja ikakatika na boya likaenda zake kuelekea mikokoni. Mjomba alitazama hayo yote kimya. Kisha akachukua boksi la mbao, akapigilia misumari mirefu pande mbili, akaanza kuupitisha uzi kulia kushoto, tabaka juu ya tabaka. "Mshipi hulazwa, hauviringwi," akasema. "Wataka utoke mbio, ulaze kama wataka kuuamsha." Tangu hapo hakuna fundo. Baadaye nimeona michoro ya boksi la Wamarekani: ni lile lile, ila lao lina vigingi vinavyochomolewa.

Ijumaa, 1 Agosti

Nguvu ya uzi. Tumeutundika kwenye boriti. Mfuko mmoja wa saruji: umeshika. Mfuko na ndoo ya lita 20 iliyojaa: umekatika. Kipimo cha meli kingetaka mifuko minne. Nimeandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Nikamwambia mjomba uzi hautaweza kuvuta ngalawa. Akanishangaa. Nani alisema uvute ngalawa? Uzi kazi yake ni kuleta kamba. Aliye mashuani anaufunga kwenye kamba nene, aliye ngalawani anavuta uzi mpaka kamba nene imfikie mkononi. "Hapo ndipo utie mkonge wako."

Nimekuwa na tatizo la katani kwa siku tano, na lilikuwa ni tatizo la foleni tu, nani atangulie.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwezi mpevu, bamvua tena, ila safari hii tumengoja maji yajae, saa kumi alasiri. Kusi lilikuwa limechangamka, si la kutisha. Mkokoteni umekaa juu ya mbao ufukweni na magunia mawili ya mchanga kwenye ekseli. Bar 6, kwa mara ya kwanza nje ya karakana. Nyuzi 35 badala ya 45, kwa kuwa kamba ikipanda juu sana Kusi linaibeba pembeni. Tumeliona hilo Alhamisi, boya likianguka mita 30 kushoto ya bendera.

Mjomba na mwenzake wako ndani ya ngalawa, nanga chini, mita 120 kutoka ufukweni kwa kamba tuliyopima. Hatumlengi mtu. Boya la kilo 1 kwa mwendo huu linaua, pua ya mpira ni mapambo. Tunalenga juu, upande upepo unakotoka, ili boya lipite na uzi uwaangukie. Nilimwambia walale chini mpaka wasikie filimbi. Akaniambia yeye alianza kulala chini ya ngalawa kabla mama yangu hajazaliwa.

La kwanza lilipita nyuma ya tezi, uzi ukaangukia majini, ukaelea, wakaukosa kwa upondo mmoja. Tuliuvuta, tukaulaza upya kwenye misumari, dakika kumi na mbili. Hilo nalo limeingia kwenye ripoti: katika bahari mbaya dakika kumi na mbili ni nyingi, kwa hiyo maboksi yawe manne, yamelazwa tayari.

La pili nililenga kwa kusogeza mkokoteni upana wa kiganja. Mshindo, uzi ukatoka kwenye boksi ukiunguruma, boya likapita juu ya mlingoti na kuanguka nyuma yao. Mita 148. Uzi ukalala kwenye tanga lililokunjwa. Nilipiga filimbi, mkono ukatokea, ukaushika.

Tukafunga katani ya milimita 12 kwenye ncha yetu. Ikaenda, nzito, imelowa, ikizama na kuibuka, mjomba akivuta kwa mikono miwili kwa ule mwendo wa kuvuta nyavu. Ilipomfikia hakushangilia. Aliinyanyua, akainusa, akaifunga kwenye taruma, kisha akang'oa nanga na kupiga kelele kuvuka maji:

"Haya basi, vuta! Waniacha hapa mpaka magharibi?"

Tulivuta watu saba, pamoja na Fundi, ambaye viatu vyake hatujavipata mpaka sasa.